Bobini Iliyokula Moto wa Cité

Watu wa cité ya Butembo, yaani mtaa wa watu weusi, walikuwa na adui mmoja aliyewaunganisha wote, Mkatoliki na Mwislamu, mlevi na katekista, na adui huyo hakuwa Mbelgiji wala hakuwa muasi. Alikuwa bobini. Ee, bobini! Nyaya nene za shaba zilizozungushwa duara juu ya duara, zikashikwa na nguzo za saruji, mafungu matatu yakapangwa moja juu ya jingine hadi yakampita mtu kimo, ndani ya chumba chenye wavu na kufuli. Chumba hicho kilikuwa katika nyumba ya moto, kando ya barabara ya kwenda Beni. Kwetu umeme tunauita moto, na moto huo ulitoka kwenye maporomoko ya mto, ukaingia nyumba hiyo, ukagawanyika njia mbili: moja ya mtaa wa Wazungu, moja ya cité. Njia ya Wazungu haikuwa na bobini. Ya cité ilikuwa nayo. Haizunguki, haiwaki, haitoi kitu, inavuma tu mchana kutwa kama mtu aliyeshiba. Na taa za Wazungu zilikuwa nyeupe, lakini za cité, hasa kule mwisho wa waya, zilikuwa nyekundu kama kaa la jana. Sasa niambie, wewe ungefikiri nini?

Ndivyo walivyofikiri. Walisema bobini inakula moto wetu.

Mwenye ufunguo wa chumba kile alikuwa Sikuli Melchior, mtu wa kijiji cha Kipese aliyekuja mjini kijana, akaajiriwa kufagia, akapanda pole pole hadi kushika mitambo. Mkubwa wake alikuwa Mbelgiji mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Hapana, maana Kiswahili chake chote kilianzia hapo. Hapana kugusa. Hapana kuingia na chuma. Hapana kuegesha baiskeli karibu na wavu. Melchior alipomuuliza bobini inafanya kazi gani, alijibiwa, "Hapana kazi yako," na bwana akaenda kunywa kahawa yake. Miaka tisa Melchior aliipangusa vumbi kila mara moto ulipokatwa, kwa kitambaa kikavu, asijue anapangusa nini. Jambo hilo linanikasirisha mpaka leo. Unamwachia mtu ufunguo, sababu unaondoka nayo mfukoni!

Mara moja tu aliiona ikifanya kitu. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, msimu wa mvua, mkaratusi ukaanguka juu ya waya kule cité. Bobini ilinguruma ghafla hata Melchior akaruka nyuma na kujigonga mlangoni. Halafu pipa likasema tak. Pipa, yaani chombo cha chuma kilichojaa mafuta, ambacho kazi yake ni kukata moto nyaya zinapogusana. Taa za cité zikazimika, basi, hakuna zaidi. Bwana Hapana akaipigia bobini saluti, akacheka peke yake. Baada ya saa moja mti ulikuwa umeondolewa na moto umerudi. Melchior alikumbuka ule mngurumo kwa miaka mingi, lakini ile saluti aliisahau.

Uhuru ukaja. Wiki chache baadaye Bwana Hapana alitupa funguo juu ya meza, akachukua masanduku mawili na mbwa wake, akashika njia ya Uganda. Melchior akawa shefu wa nyumba ya moto. Shefu kweli, mwenye meza na rejista! Akamwita mdogo wake, Siméon, aje afanye kazi naye. Siméon alikuwa na miaka ishirini na minne, mpole, mtu wa kuuliza maswali, ametoka tu kumwoa Berthe. Melchior alimfundisha kusimama mbele ya pipa na kushika mkono wake wa chuma, kufungua na kufunga, na Siméon akaijua kazi hiyo kumpita mwalimu wake.

Mama yao, Kanyere, alikaa mwisho kabisa wa waya wa cité, nyumba ya mwisho yenye taa. Alikuwa mjane, aliyewalea wote wawili kwa maharage. Siku ya soko alikwenda Musienene kununua, jioni alichambua chini ya taa yake moja, kesho yake aliuza. Macho yalikuwa yameanza kuchoka. Jumapili moja ya mwaka wa sitini na moja, baada ya misa, mbele ya watu wote, akamwambia mwanawe mkubwa:

"Melchior, batu banasema mutoto yangu ni shefu wa moto. Mais mimi niko nachambua maharagi katika giza. Jana niliuzia mukatekista majiwe. Ile kitu ya mu nyumba ni taa, ao ni kaa?"

Watu wakacheka sana. Mmoja akasema uhuru umefika kila mahali isipokuwa kwenye taa ya Mama Kanyere. Mwingine, mlevi mmoja mwenye sauti, akapaza: "Wazungu walienda, wakaacha boyi wa bobini!" Boyi wa bobini! Melchior alicheka pamoja nao, kwa meno tu. Jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani, likala naye, likalala naye.

Jumatatu asubuhi akafungua kufuli. Siméon, aliyezoea kumwita kaka yake yaya, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Yaya, tumuandikie kwanza barua ule Muzungu. Kama bobini haikuwa na kazi, juu ya nini aliilinda vile?"

"Aliilinda juu alitaka tukae mu giza."

"Mais yaya, ile siku ya muti, ulisema ililia. Kitu yenye kulia haiko bure."

"Siméon, nani ni shefu hapa?"

"Ni wewe, yaya."

"Basi leta funguo za kukazia."

Wakakata moto. Wakaunganisha vipande vitatu vya shaba kutoka upande mmoja wa bobini hadi upande wa pili, ili moto upite moja kwa moja bila kuizunguka. Kazi ya saa mbili. Kila boliti Melchior aliikaza kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mdogo wake hata moja, maana alitaka sifa yote iwe yake. Angalau hilo alilipata.

Jioni hiyo taa za cité zilikuwa nyeupe. Watu walitoka nje, wakapiga vigelegele, wakacheza barabarani. Mama Kanyere alikaa chini ya taa yake na ungo magotini, akachokora maharage, akainua kitu kidogo kati ya vidole viwili. "Kajiwe! Tazama, niko nakaona!" Alikaona kweli, akakatupa nje, akatafuta kengine, akawa anacheka na machozi yanamtoka. Siméon alicheka zaidi ya wote. Hata yeye alisema, "Yaya, nilikosa. Ulikuwa na haki." Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena boyi wa bobini.

Miaka miwili baadaye Melchior alikuwa anatafuta fyuzi katika droo ya chini ya meza ya Bwana Hapana. Akakuta karatasi imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa mashine, Kifaransa kitupu. Kifaransa chake kilikuwa cha darasa la tano, kwa hiyo aliisoma kwa kidole, mara tatu, na mara ya tatu akakaa chini.

Karatasi ilisema hivi. Pipa la cité ni dogo na la zamani. Lile kubwa na jipya limewekwa njia ya Wazungu. Nyaya zikigusana, moto wote wa maporomoko unakimbilia mahali pale kwa pamoja, na pipa dogo haliwezi kuukata. Ndiyo maana bobini iliwekwa mbele yake. Siku zote inapitisha moto na kuupunguza kidogo, lakini siku ya ajali inauzuia njiani, inaupokea kifuani, hadi unakuwa moto ambao pipa dogo linaweza kuukata. Na mstari wa mwisho ulikuwa umepigiwa wino mwekundu: moto usipitishwe kamwe bila bobini, pipa litapasuka.

Basi alielewa yote mawili kwa mara moja. Watu wa cité hawakukosea: walipewa chombo kibovu kwa sababu walikuwa watu weusi. Lakini ile bobini waliyoichukia ndiyo iliyokuwa inasimama kati yao na ubovu huo. Kama Bwana Hapana angesema maneno kumi tu! Hakuyasema. Lakini sasa Melchior aliyajua, na tangu hapo kosa halikuwa tena la Bwana Hapana.

Akakunja karatasi, akaitia ndani ya kifuniko cha rejista. Kesho, akasema, nitaondoa zile shaba. Kesho ikawa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Siméon, na nani angewasha taa nyekundu siku ya ubatizo? Wiki iliyofuata mama alikuwa na magunia mawili ya kuchambua. Mwezi uliofuata aliona haya. Angewaambia nini watu? Kwamba bobini waliyoichukia ilikuwa inawalinda, na yeye shefu ndiye aliyekuwa mjinga? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila mvua iliponyesha Melchior alitoka nje kutazama waya. Mwaka wa sitini na nne waasi wakaingia Beni, wakaingia Butembo, wakataka taa nyeupe kwa mikutano yao, na mwenye kukata moto siku hizo alikuwa anajitafutia risasi. Waasi wakafukuzwa, askari wakarudi, nao wakataka taa. Kila mara sababu ilipatikana. Mwoga hakosi sababu.

Siméon aliuliza mara moja tu. Walikuwa wanafagia, akasimama mbele ya wavu.

"Yaya, hii bobini hatutairudisha?"

"Funga mulango, mudogo. Acha ilale."

Siméon akafunga mlango.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu wa mwaka wa sitini na tano, saa tisa mchana, mvua kubwa. Kamio, lori la mizigo, ilikuwa inatoka Beni na mchele na mafuta ya mawese. Dereva wake aliitwa Lukumani, Mwislamu wa Beni, kijana wa watu, aliyeendesha kwa ajili ya mjomba wake, mzee Amisi, mfanyabiashara. Kwenye mteremko wa kuingia cité matope yalimshinda, kamio ikateleza, ikagonga poto, yaani nguzo ya waya. Poto ikalala. Nyaya zikagusana.

Melchior alikuwa ofisini anaandika rejista. Taa ilipungua ghafla, akainua kichwa akingoja ule mngurumo. Haukuja. Kilichokuja ni kishindo, madirisha yakaruka, na harufu ya mafuta yanayowaka. Pipa lilikuwa limepasuka, na Siméon alikuwa mbele yake, mkono juu ya chuma, mahali alipofundishwa kusimama.

Walimbeba juu ya ubao wa mlango hadi hospitali ya misioni. Aliishi mpaka jioni. Hakulia. Ngozi yake ilikuwa imeungua hata Melchior hakupata mahali pa kumshika isipokuwa mguu mmoja, akaushika huo. Jua lilipokuwa linashuka Siméon alifungua macho, akamtafuta kaka yake.

"Yaya," akasema, "nilikosa wapi?"

Ee Mungu wangu. Nilikosa wapi!

"Hukukosa, mudogo," Melchior akajibu. "Hukukosa kitu."

Siméon alingoja, kama mtu anayejua kuna neno lingine linakuja. Neno halikuja, akafa.

Wakakaa kilio nyumbani kwa Mama Kanyere. Wanaume walizunguka moto wa kuni uani, wanawake wakajaa ndani na Berthe, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Na kabla kaburi halijakauka, mji mzima ulikuwa umekwisha kupata mkosaji. Lukumani! Si ni wa Beni? Si waasi walipokuwa Beni kamio yake ilibeba vitu vyao? Ilibeba, ndiyo, na bunduki nyuma ya shingo yake, lakini nani alitaka kusikia hilo? Walisema ameigonga poto kwa makusudi, azime moto ili waasi warudi. Ajida wa kikosi kilichokuwa mjini alimtia katika kashoo, chumba cha wafungwa, akampiga siku nne, na Jumatatu akatangaza kwamba kesho saa sita atapelekwa uwanja wa ndege wa Rughenda, apandishwe ndege pamoja na wafungwa wengine. Waliopandishwa ndege zile, hakuna aliyekuwa amerudi.

Melchior alisikia habari hiyo akiwa kando ya moto. Watu walimpa pole. Walimwambia, "Jikaze, shefu, damu ya mudogo wako italipwa." Kila pole ilimchoma kama mwiba. Akajiambia: nikinyamaza, mtu mmoja asiyekuwa na kosa atakufa. Nikisema, mama yangu atajua. Nataka niwe mkweli kwenu, mtu huyu alipima. Tangu Lukumani akamatwe, siku nne alipima, na siku zote nne kunyamaza ndiko kulikoshinda.

Jumatatu hiyo, saa kumi alasiri, mzee Amisi akaingia uani. Alikuwa ametoka Beni, kanzu yake ina matope hadi magotini, gunia la mchele liko begani mwake mwenyewe, ingawa alikuwa na umri wa kubebewa. Akaliweka chini, akavua viatu, akainama mbele ya Mama Kanyere.

"Mama, pole. Sisi wote ni wa Mungu. Nilikuja kulia na nyinyi. Mutoto wenu ni mutoto wetu."

Binamu mmoja wa marehemu akaupiga teke ule mchele. "Toka! Munaua, halafu munaleta muchele?"

"Lukumani hakuua mutu," mzee akasema, bila kuinua sauti. "Kamio iliteleza. Mimi niliteleza pale mara tatu, mu mwaka mbalimbali. Poto moja ilianguka pale pale wakati wa Babelgi, na hakuna mutu alikufa. Juu ya nini leo mutu afe? Mimi hapana jua moto. Nauliza tu."

Vijana wakamshika mabega wamtoe. Kofia yake ikaanguka katika majivu. Na mzee yule, wakimvuta, alimgeukia Melchior, si kwa kumshtaki, hapana, alimgeukia kwa sababu ndiye shefu, ndiye mwenye kujua. "Shefu, wewe unajua moto. Bambie."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Melchior akasimama.

"Mumuache," akasema. "Mumuache muzee. Siméon, ni mimi nilimuua."

Kila mtu alidhani ni huzuni inaongea. Shangazi mmoja akaanza kumnyamazisha. Lakini alitoa ile karatasi kutoka shatini, maana tangu Alhamisi alikuwa ametembea nayo, na akawaeleza yote, moja moja, kama mtu anayetoa miba mguuni. Bobini ilikuwa na kazi gani. Shaba alizifunga nani. Karatasi aliikuta lini.

"Miaka miwili nilijua," akasema. "Miaka miwili. Niliona haya kusema."

Berthe alikuwa ametoka mlangoni, mtoto mgongoni. Akauliza jambo moja tu.

"Shemeji, yeye alijua?"

"Hakujua. Aliniuliza kama tutairudisha. Nilimuambia afunge mulango."

Berthe akarudi ndani. Mama Kanyere aliiokota kofia ya mzee Amisi kutoka kwenye majivu, akaikung'uta kwa kiganja, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Melchior akaenda kambini moja kwa moja, lakini ajida hakuamini. Ilibidi Melchior ampeleke nyumba ya moto jioni hiyo hiyo, amwonyeshe zile shaba, amwonyeshe pipa lililopasuka, amtafsirie wino mwekundu. Aliponyosha mikono afungwe, ajida akamtazama kwa kuchoka.

"Donc, nikufunge wewe. Halafu nani atarudisha moto mu kambi yangu? Wewe nenda kazi." Akamzaba kofi moja tu, la kumaliza mambo.

Hata adhabu alinyimwa. Aliitamani, nawaambia, aliitamani kama maji.

Lukumani alitoka kashoo Jumanne asubuhi, jicho moja limefunga, mzee Amisi amemshika kiuno. Melchior alikuwa amesimama nje. Akasema tu, "Unisamehe." Kijana akasimama, akavuta pumzi kwa shida, mbavu zilikuwa zimevunjika.

"Siku tano," akasema. "Siku tano ulikuwa unangoja nini?"

Mzee akamvuta pole pole, wakaenda zao. Lukumani hakuendesha tena kamio. Mkono wake wa kushoto haukupona.

Ilichukua miezi miwili kupata pipa jingine, la zamani pia, dogo pia, kutoka kwenye kiwanda kilichofungwa upande wa Beni. Melchior alilifunga. Kisha akaingia chumba cha wavu peke yake, akazifungua zile boliti moja moja, akaziondoa shaba tatu. Bobini ikaanza kuvuma tena. Akakaa sakafuni mbele yake, akaisikiliza.

Alipotoka aliibandika ile karatasi ukutani, na chini yake akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kila kilichosemwa, ili mtu yeyote atakayeshika ufunguo baada yake asije akakosa sababu.

Jioni taa za cité zikawaka nyekundu. Safari hii hakuna aliyelalamika. Alishuka mpaka nyumba ya mwisho. Tangu kilio mama alikuwa anampa chakula, anamjibu salamu, lakini hakuwa amemwita jina lake. Alimkuta chini ya taa, ungo magotini, uso karibu unagusa maharage. Berthe alikuwa amekwisha kurudi kwao Lubero kujifungua, na nyumba ilikuwa kimya. Melchior akakaa juu ya kigoda, mbali kidogo.

Mama alichambua muda mrefu. Alichukua kitu kati ya vidole, akakileta jichoni, akashindwa kujua ni jiwe au harage, akakitia mdomoni, akakiuma kidogo, akakitema. Jiwe.

"Melchior," akasema.

"Mama."

"Ile siku, inje ya kanisa, nilisema niko mu giza. Kweli nilisema." Akatikisa ungo. "Mais kama ungekuya hapa, ungekaa vile uko nakaa sasa, uniambie: mama, hii taa iko mwekundu juu inalinda Siméon..."

Hakumaliza. Vidole vyake vilirudi katika maharage, vikatafuta, vikapapasa.

"Ningechambua na vidole, mutoto yangu. Mpaka kufa kwangu ningechambua na vidole."